Koti la Mjane na Kombe la Mtu Mmoja

Wiki ya mwisho ya msimu wangu wa nne sikupata usingizi wa maana. Swali lililoninyima usingizi lilikuwa fupi: watu watatu wakicheza nafasi moja, na nafasi hiyo ikashinda tuzo ya mwigizaji bora, ni nani aliyeshinda? Ukiulizwa hivyo ukiwa na kikombe cha chai mkononi, utaona ni swali la kupitisha muda. Mimi nilikuwa na kombe lenyewe chini ya kitanda, nimelifunga kwa sweta lisikwaruzike, na kibati chake cha jina kilikuwa bado kitupu.

Nimeachia ukatibu wa kamati ya tuzo za maigizo ya vikundi vyetu mwezi uliopita. Nina miaka ishirini na minane, kwa hivyo nikisema nimestaafu watu hucheka. Mama yangu kule Bumula ndiye anayecheka zaidi. "Umestaafu kutoka wapi, na hata mvi huna?" Lakini misimu minne ni misimu minne, na nyinyi mnaoingia ofisini mliniomba niwaandikie namna kazi inavyokwenda. Nitaandika yale niliyoyaona. Yale mengine, nani alipandishwa na nani hakupandishwa, hayatawasaidia kufungua hata faili moja.

Siku ya kwanza nilifika Kitale na shahada ya sanaa za maonyesho, shati jipya, na hotuba kichwani kuhusu mustakabali wa tamthilia katika maeneo ya mashambani. Ofisi ni chumba kimoja nyuma ya ukumbi wa kanisa, mnakijua. Ndani alikuwa Mama Njoki, karani mstaafu wa masijala ya mahakama, ambaye alikuwa akitunza karatasi za kamati kwa kujitolea. Hakuuliza kuhusu shahada. Alinipa mashine ya kutoboa karatasi.

"Unajua kutoboa?"

Nikasema najua. Nikatoboa karatasi ishirini kwa haraka, nionekane mchapakazi. Zote nilizitoboa upande wa kulia. Mama Njoki alizigeuza moja moja, bila kukasirika, kama mtu anayekagua maharagwe.

"Kumbe chuoni wanatoboa huku," akasema.

Kutoka siku hiyo alinifundisha mambo mawili ambayo sijayaacha. La kwanza: kila karatasi inayoingia ipigwe muhuri wa tarehe kabla hujaisoma, kwa sababu ukishaisoma utaanza kuwa na maoni. La pili: ujumbe wa simu nao ni barua. Mtu akikuuliza jambo la kazi kwa simu, unaandika swali lake kwenye kaunta buku, lile daftari nene la ofisi, unaandika jibu ulilompa, unapiga muhuri. Niliona ni usumbufu. Nilimwambia simu inahifadhi ujumbe yenyewe. Akaniuliza simu yangu ya mwaka jana iko wapi. Ilikuwa imetumbukia chooni. Nikaanza kuandika.

Mimi ni mtu wa kufikiria sana, na ni vizuri mjue hivyo, kwa sababu mafaili mengi mtakayoyakuta yana karatasi za "huenda" nyuma yake. Tangazo la msimu wa kwanza niliandika upya mara kumi na moja. Niliwahi kupima kwa futi umbali wa kiti cha kila jaji kutoka jukwaani, katika vituo vyote vitatu, ili asiwepo jaji anayeona vizuri kuliko mwenzake. Nilipima Kitale, nikapima Bungoma mjini, nikapima Bumula, kisha nikarudi Kitale kupima tena kwa sababu niliota futi ilikuwa imekatika mwanzoni. Mama Njoki alinitazama nikikunja futi.

"Wekesa, hivyo viti vimelalamika?"

"Hapana, Mama."

"Basi keti kwenye kimoja."

Lakini kufikiria sana kuliwahi kusaidia. Msimu wa kwanza tulikuwa na malalamiko ya kutosha kujaza gunia. Majaji wetu ni watu wa hapa hapa, na hapa kila mtu ni mjomba wa mtu. Jaji mmoja alimpa alama za juu kijana ambaye ukumbi mzima ulijua ni mpwa wake, na watu wakaanza kuita, "Mjomba, ongeza!" Msimu wa pili nikabuni fomu mpya. Majina ya waigizaji niliyaondoa kabisa. Jaji hapewi orodha ya waigizaji wala hatangaziwi. Kwenye fomu anaona jina la mhusika tu. Mjane. Mlinzi. Chifu. Kila jaji anakaa kituo chake, vikundi ndivyo vinavyozunguka. Kila mchezo unaonyeshwa mara tatu, na kila jaji anauona mara moja. Mimi najumlisha.

Fomu ile ilinyamazisha wajomba. Misimu miwili hakuna aliyelalamika, na nilikuwa naitembeza kama mtoto mchanga. Sikuona kuwa fomu isiyojua jina la mwigizaji haiwezi pia kujua kama mwigizaji ni yule yule.

Hapo ndipo kikundi cha Kabuchai kinaingia. Kabuchai ni watu wa miwa na mahindi. Siku kiwanda kikiita miwa yako ikatwe, unakwenda shambani, hata kama ndiyo siku ya maonyesho, na siku hiyo haikutumii taarifa wiki moja kabla. Kwa hivyo kikundi chao kina desturi ambayo sijaiona kwingine: kila nafasi kubwa inajulikana na watu watatu. Wanafanya mazoezi watatu pamoja, wanatembea hatua zile zile, wanasahihishana bila huruma, na siku ya maonyesho anayepatikana ndiye anayecheza. Msimu wangu wa nne walileta mchezo kuhusu mjane anayewasikiliza mashemeji wakigawana shamba, huku akikunja koti la marehemu mumewe. Koti lilikuwa koti kweli, la kijani, limechakaa kwenye viwiko. Anayelivaa au kulishika siku hiyo ndiye Mjane.

Nafasi ya Mjane ilishinda. Nilijumlisha fomu mara nne, Mjane akawa juu mara zote nne, na Mlinzi wa ghala, wa mchezo wa kikundi kingine, akawa wa pili. Mlinzi alichezwa na Dennis, fundi wa kuchomelea vyuma pale Matisi, aliyecheza maonyesho yote matatu peke yake. La Bungoma alilicheza akiwa na homa. Nilimwona nyuma ya jukwaa, ambako mimi hukaa nikipanga fomu bila kuona mchezo, amejifunika blanketi na meno yanagongana.

Fundi wa mihuri alitaka jina la kuandika kwenye kibati. Nikampigia Mwalimu Barasa, kiongozi wa kikundi cha Kabuchai.

"Mwalimu, hongera mapema, lakini usitangaze. Nipe jina kamili la aliyecheza Mjane, na spelingi."

"Asante sana, Katibu! Sasa, unataka ya nani?"

"Ya aliyecheza Mjane."

"Ndiyo nakuuliza. Ya Kitale, ya Bungoma ama ya Bumula?"

Nikaweka kalamu chini.

"Hallo? Katibu? Si uandike tu zote tatu, bana. Wewe una kalamu."

Nafula, mwalimu wa chekechea, alicheza Kitale. Rose, fundi wa nguo, alicheza Bungoma. Mama Chebet, mkulima, mkubwa wao kwa umri, alicheza Bumula. Nilikata simu nikatandaza fomu mezani. Kwa jaji wa Kitale, Nafula alikuwa amempita Dennis. Kwa jaji wa Bungoma, Rose alikuwa amempita Dennis kwa mbali. Kwa jaji wa Bumula, Dennis alikuwa amempita Mama Chebet. Nilikuwa nimejumlisha wanawake watatu nikapata mtu mmoja ambaye hayupo, na mtu huyo alikuwa amemshinda kijana wa Matisi aliyepimwa mara tatu kwa mwili wake mwenyewe.

Hakuna aliyejua ila mimi. Hilo ndilo jambo la kwanza nililolifikiria, na naliandika ili mjue kwamba mtalifikiria pia.

Nilisoma kanuni zetu. Ni kurasa mbili, sikuchukua muda. Zinasema tuzo hupewa "mwigizaji bora". Hazisemi mwigizaji ni wangapi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kudhani ni swali. Nikampigia mwenyekiti, naye hakuona ugumu.

"Kombe ni moja. Waambie wachague mmoja wao tumalize. Mambo mengine hayo ni ya chuo, Wekesa."

Nikapeleka ujumbe. Kabuchai walijibu kabla sijamaliza kunywa chai. Walikuwa wamemchagua Mama Chebet, kwa sauti moja. Ndiye mkubwa wao, na lile koti lilikuwa la mume wake, aliyefariki mwaka wa kwanza wa kikundi. Nani angempinga?

Nilikaa nimeshika kichwa. Kati ya wanawake watatu, walikuwa wamemchagua yule mmoja ambaye Dennis alimshinda. Nikiandika jina lake peke yake, nampa kombe mtu aliyeshindwa mbele ya jaji wake, juu ya mtu aliyemshinda. Na siwezi kumwambia mtu sababu, kwa maana fomu ni siri. Mimi mwenyewe ndiye niliyezifanya siri.

Jumamosi nilikwenda Kabuchai. Nilisema nakwenda kuhakiki majina. Walikuwa kwenye darasa la shule ya msingi, madawati yamesukumwa ukutani, wakijiandaa kuonyesha kipande kidogo siku ya tuzo. Nafula alikuwa na koti. Alilikunja mikono kwanza, kisha kola, kisha akasita.

"Acha kulikunja kama nguo za dukani!" Rose akampigia kelele kutoka dirishani. "Huyo ni bwana yako amekufa, si order ya mteja."

"Wewe ndiye ulinifundisha hivi hivi!"

"Nilikufundisha ukiwa hujui. Sasa unajua."

Mama Chebet alisimama, akachukua koti bila neno, akalikunja. Alipofika kwenye kola aliliinua hadi puani, mara moja, kwa haraka, kama mtu anayeiba. Majaji wote watatu walikuwa wameandika kuhusu jambo hilo kwenye fomu zao, kila mmoja kwa maneno yake. Nilidhani kila mwigizaji alijibunia. Kumbe lilitoka kwa Mama Chebet, na wenzake walilipokea kutoka kwake, mazoezi baada ya mazoezi.

Baada ya mazoezi alinisindikiza hadi kwenye lango la shule.

"Katibu, nikuulize kitu na usinifiche. Kule Bumula nilisahau mstari mmoja. Nikaruka mpaka kwa ule mwingine. Jaji aliona?"

"Mama, fomu ni siri."

"Najua ni siri. Nakuuliza kama aliona."

"Sijui, Mama."

Nilijua. Ilikuwa imeandikwa, mstari wa tatu wa maoni. Akanifungulia lango. "Sawa. Ujue tu mimi sikuomba hilo kombe peke yangu. Ni hawa walisema, ati kwa sababu ya umri. Umri si kuigiza."

Jumatatu nilimpelekea Mama Njoki karatasi yenye njia saba za kumaliza jambo hili, kila njia na faida na hasara zake. Alizisoma zote. Alikuwa karani wa mahakama. Amesoma mabaya zaidi.

"Hawa watu wa Kabuchai," akasema, "walicheza watatu kwa kujificha?"

"Hapana. Ni desturi yao."

"Walikuuliza kabla?"

Nikataka kusema hapana. Kisha nikakumbuka ujumbe fulani, mwanzoni mwa msimu, siku niliyokuwa Bumula nikipima viti. Mama Njoki alikuwa tayari anafungua kaunta buku. Alipekua kurasa kwa kidole, akasimama mahali, akanigeuzia.

Mwandiko ulikuwa wangu. *Mwl. Barasa, Kabuchai. Anauliza: je, watu watatu wanaweza kupokezana nafasi moja katika vituo tofauti? Jibu:* Na baada ya neno jibu nilikuwa nimechora kidole gumba kimesimama, kwa kuwa ndicho nilichomtumia.

Mimi niliyeandika tangazo mara kumi na moja. Swali la maana kuliko yote ya misimu minne nililijibu kwa kidole gumba, futi ikiwa mdomoni.

"Hii ni nini?" Mama Njoki akauliza.

"Kidole gumba, Mama."

"Kina muhuri?"

"Kina."

"Sasa unaniletea njia saba za nini? Ofisi ilishajibu."

Niliondoka pale nikiwa mwepesi kuliko nilivyokuwa wiki nzima. Watu wanadhani mtu wa kufikiria sana anaogopa kuamua. Anachoogopa ni kuamua bila kitu cha kushika mkononi. Sasa nilikuwa nacho. Watu wale waliuliza, wakaruhusiwa, wakacheza walivyoruhusiwa. Huwezi kumruhusu mtu kuingia kwa mlango fulani, halafu akifika ndani umwambie mlango ule haukuwepo. Walishindana watatu kama mmoja, kwa ruhusa yangu. Alama zao zinabaki zilivyo, na majina yao yanaandikwa yote matatu au hayaandikwi. Jina moja lingekuwa uongo, hata kama kikundi chenyewe kimelichagua kwa heshima. Nilimwandikia mwenyekiti ukurasa mmoja, nikaambatisha nakala ya kidole gumba. Alisoma akanung'unika, akasema, "Utasema wewe mwenyewe mbele za watu." Nikamwambia hilo nalo nimeliandika, aya ya mwisho. Akatia sahihi.

Lakini kabla ya watu, kulikuwa na Dennis. Hilo halikuwa la kufanywa kwa simu. Nilimkuta kwenye kibanda chake Matisi akichomelea lango. Aliinua kinyago cha macho.

"Niaje, Katibu. Umeniletea kazi ama habari?"

Nilimweleza yote, isipokuwa alama. Nilimwambia alikuwa wa pili, nyuma ya watu watatu waliohesabiwa kama mmoja, na kwamba waliohesabiwa hivyo hawana kosa, kosa ni langu. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kipande cha chuma kilichokuwa bado cha moto upande mmoja.

"Si ungesema kabla tuanze? Hata sisi tungeweka watu watatu. Mimi nilipanda jukwaa Bungoma nikitetemeka kama kuku amenyeshewa."

"Ningesema. Sikufikiria."

"Wewe? Hukufikiria?" Alicheka kwa kweli, akamgeukia mwenzake aliyekuwa akikata mabati. "Skiza huyu. Ati hakufikiria. Mtu wa kupima viti!"

Kisha akaacha kucheka. "Niambie kitu kimoja. Hao wamama watatu, kuna hata mmoja nilimpita?"

"Dennis, fomu ni siri."

Alinitazama usoni. Mimi sina uso wa kuficha kitu. Mama Njoki alishaniambia nisicheze karata kamwe.

"Basi nilimpita mmoja," akasema polepole. Akashusha kinyago na kurudi kwenye lango lake. Hakuniaga. Sikumlaumu, na ninyi mkimwona pale Matisi msimwambie mmesoma hapa kwamba alikuwa sahihi.

Kwa nyinyi mnaoshika kazi, mtakuta fomu ina kisanduku kipya, ambacho hujazwa na katibu na si jaji, kisha hufunikwa: nani amecheza siku hii. Na kanuni sasa zina kurasa mbili na nusu. Kikundi kinachotaka kupokezana nafasi kitaje majina yote kabla ya onyesho la kwanza, vikundi vyote viambiwe siku hiyo hiyo kwamba ruhusa hiyo ipo, na watakaopokezana watashinda pamoja au kushindwa pamoja. Nusu ukurasa ule ndio kazi yangu ya misimu minne. Msiujibu kwa kidole gumba.

Fundi wa mihuri aliponiona narudi na majina matatu alikataa. Kibati ni kidogo, herufi zitakuwa kama siafu. Nikamwambia aandike siafu. Aliandika, na ukikisogeza karibu na dirisha yote yanasomeka.

Siku ya tuzo, Bungoma, ukumbi ulijaa. Niliitwa kusoma jina la mwigizaji bora. Nilikuwa na karatasi, lakini niliikunja nikaitia mfukoni, jambo ambalo sikuwahi kulifanya maishani. Nikasema mshindi ni watu watatu, na nikaeleza kwa nini. Nikasema vikundi vingine havikujua kuwa jambo hilo linaruhusiwa, kwamba Dennis wa Matisi alisimama peke yake mara tatu na akawa wa pili, na kwamba anayestahili kulaumiwa ndiye aliyeshika kipaza sauti. Sauti yangu haikutetemeka. Nilishangaa, nikaendelea.

Nikasoma majina kwa mpangilio wa vituo: Nafula, Kitale. Rose, Bungoma. Mama Chebet, Bumula. Walipanda wote watatu. Koti la kijani lilikuwa limevaliwa na Nafula, kwa kuwa ilikuwa zamu yake. Dennis alikuwa amesimama nyuma, karibu na mlango, mikono ameikunja kifuani. Kwa jina la kwanza hakuikunjua, wala kwa la pili. Kwa la tatu akaikunjua, akapiga makofi mara mbili, kwa sauti, akatoka nje.

Nami nikamkabidhi Mama Chebet kombe, ashike upande mmoja, wenzake washike ule mwingine.